Michuki: Waziri aliyeitia matatu lijamu, mtembea kwa miguu akabaki bila ngao

ASUBUHI ya Jumatatu, Februari 2, 2004, Wakenya wengi waliamka wakakuta steji hazina magari. Kanuni mpya za uchukuzi wa umma zilikuwa zimeanza kutekelezwa siku iliyotangulia, na wenye matatu ambao hawakuwa wamezitimiza, pamoja na wale waliogoma kuzipinga, walikuwa wameyaondoa magari yao barabarani. Wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi walishika njia kwa miguu, wengine kwa mwendo wa saa mbili au tatu.

Waziri aliyekuwa nyuma ya kanuni hizo alikuwa John Njoroge Michuki, mbunge wa Kangema, aliyekuwa na umri wa miaka 71. Aliombwa aongeze muda, akakataa. Aliambiwa uchumi utaathirika, naye hakutetereka. Baada ya siku chache magari yalianza kurejea, yakiwa na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni.

Michuki alifariki Februari 21, 2012, lakini jina lake lingali katika vinywa vya madereva, makondakta na abiria kote nchini. Kila ajali kubwa inapotokea, hutokea sauti ya kudai kwamba sheria za Michuki zirudishwe. Hata hivyo, ukifuata barabara kuu inayotoka Embu kwenda Meru, ikipenya katikati ya miji na masoko, utaona kwamba kazi aliyoianza waziri huyo ilimlinda zaidi aliye ndani ya gari kuliko yule anayetembea kando yake.

KUTOKA KANGEMA HADI HAZINA

Michuki alizaliwa mwaka wa 1932 katika kijiji cha Muguru, eneo la Iyego, Kangema, katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo na ambayo leo ni Murang'a. Wakati wa ukoloni Embu na Meru pia ziliwahi kuwa katika Mkoa wa Kati. Ni mwaka wa 1963 ndipo wilaya hizo mbili zilipohamishiwa Mkoa wa Mashariki, na mji wa Embu ukafanywa makao makuu ya mkoa huo mpya.

Baada ya masomo yake nchini na ng'ambo, Michuki aliingia katika utumishi wa serikali na kukulia katika utawala wa mikoa, shule iliyowafunza maafisa wake kwamba amri ikishatolewa hutiiwa. Alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokabidhiwa nyadhifa za utawala wakoloni walipokuwa wakijiandaa kuondoka. Utumishi wake chini ya serikali ya mkoloni ulimfuata maisha yake yote, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha. Wengine waliona kwamba ukali wake ulitokana na zama hizo.

Uhuru ulipopatikana, alipanda hadi kuwa katibu wa kudumu katika Wizara ya Fedha chini ya Rais Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1970 serikali iliponunua hisa nyingi katika benki iliyogeuka kuwa Kenya Commercial Bank, Michuki alikabidhiwa uenyekiti wake, na akaiongoza kwa karibu mwongo mzima. Huko alijijengea sifa ya mtu wa hesabu na nidhamu, na baadaye akawa pia mfanyabiashara mwenye mali nyingi.

Alijitosa katika siasa na kuingia bungeni mwaka wa 1983 kama mbunge wa Kangema. Katika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka wa 1988 alikipoteza kiti hicho kwa Joseph Kamotho, hasimu wake wa miaka mingi. Mfumo wa vyama vingi uliporejea, alikitwaa tena mwaka wa 1992 kwa tikiti ya Ford-Asili, na hakukipoteza tena hadi mauti yalipomfika.

Alikuwa amekaa katika upinzani miaka kumi wakati muungano wa NARC uliposhinda uchaguzi wa Desemba 2002. Rais Mwai Kibaki, ambaye walifahamiana tangu zama za Hazina, alimteua kuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Ndiyo wizara iliyomfanya ajulikane na kila mtu aliyewahi kupanda matatu.

KANUNI ZA FEBRUARI

Sekta aliyoikuta Michuki ilikuwa imejiendesha yenyewe kwa miaka mingi. Matatu ya abiria 14 ilibeba 18, 20 au zaidi. Makondakta walining'inia mlangoni. Madereva walilipwa kwa idadi ya safari walizofanya, hivyo kila dakika iliyookolewa barabarani ilikuwa pesa mfukoni. Abiria aliyelalamika aliambiwa ashuke. Ajali zilipotokea, watu walizika wafu wao na kusema kwamba ajali haina kinga.

Michuki hakuukubali msemo huo. Mwezi wa Oktoba 2003 alichapisha katika gazeti rasmi la serikali Ilani ya Kisheria Nambari 161, ambayo umma uliibatiza sheria za Michuki. Magari yote ya uchukuzi wa umma, pamoja na magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,048 yakiwa matupu, yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo ili yasipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Idadi ya abiria isizidi ya viti. Dereva avae sare ya samawati iliyokolea na kondakta avae ya rangi ya damu ya mzee. Picha ya dereva ibandikwe ndani ya gari. Wote wawili wawe na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na dereva apimwe upya kila baada ya miaka miwili.

Wenye magari walilalamika kwamba vifaa hivyo vilikuwa ghali na muda ulikuwa mfupi. Waziri aliwasikiliza, akasogeza tarehe kidogo, kisha akaweka Februari 1, 2004 kuwa siku ya mwisho. Ilipofika, hakurudi nyuma.

Matokeo yalionekana upesi. Vifo vya barabarani vilipungua katika mwaka wa kwanza. Abiria waliozoea kushindiliwa kama magunia walikaa kila mtu katika kiti chake. Nauli zilipanda, lakini wengi walizilipa bila kinyongo kikubwa. Kwa mara ya kwanza Wakenya waliona kwamba kasi si majaliwa. Kasi ni jambo linaloweza kuwekewa kipimo, likafungwa kwa kifaa na kusimamiwa na serikali yenye nia.

BARABARA INAYOPITA SOKONI

Kwa wasafiri wa Embu na Meru mabadiliko hayo yalikuwa na uzito wa pekee. Barabara yao hupinda na kuteremka katika mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, ikipita Runyenjes, Chuka na Nkubu kabla ya kuingia mjini Meru. Daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka-Nithi, limejulikana kwa miaka mingi kuwa mahali pa mauti. Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia humo na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kwa anayesafiri katika barabara kama hiyo, kidhibiti mwendo na mkanda si mapambo.

Lakini barabara hiyo ina watumiaji wengine. Katika miji yote hiyo, barabara kuu ndiyo njia ya kwenda sokoni, shuleni, kanisani na hospitalini. Mjini Embu inapita karibu na ofisi, maduka na steji. Mjini Meru, barabara zinazotoka Embu, Nanyuki na Maua hukutana katika mji ambao shughuli zake nyingi hufanywa kwa miguu, kuanzia Makutano hadi soko la Gakoromone. Mama mwenye mkungu wa ndizi mgongoni, mtoto wa shule na mkokoteni wa maji wote hutumia ukingo uleule wa lami, na mara nyingi hakuna njia iliyotengwa kwa ajili yao.

Hapa ndipo pengo la kanuni za Februari linapoonekana. Kidhibiti kilichofungwa kwa kilomita 80 hakijui kwamba gari limeingia mjini. Dereva anayepita katikati ya Runyenjes kwa kilomita 75 kwa saa hajakikiuka kifaa chake hata kidogo, ingawa ameivunja sheria nyingine iliyokuwapo kabla ya Michuki kuwa waziri. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kwamba katika kituo cha biashara, mji au jiji mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Sheria hiyo haina kifaa kinachoilinda. Inategemea macho ya askari na dhamiri ya dereva.

Pengo la pili lilikuwa katika ule uzito wa kilo 3,048. Pikapu inayobeba miraa kutoka milima ya Nyambene haifiki uzito huo ikiwa tupu. Kwa hiyo magari ambayo wakazi wa Maua, Meru, Chuka na Embu wanayaogopa kuliko yote hayakuguswa na sharti hilo la kidhibiti. Miraa hupoteza thamani yake kadiri inavyokauka, na mzigo uliochunwa asubuhi hutakiwa ufike Nairobi ungali mbichi. Muguka wa Mbeere, katika kaunti ya Embu, nao una haraka hiyohiyo. Biashara hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba katika kaunti hizo, lakini gharama yake nyingine hulipwa na watu wanaojaribu kuvuka barabara.

Magari ya kibinafsi pia hayakuhusishwa. Kisha, baada ya ushuru wa pikipiki ndogo kuondolewa mwaka wa 2008, boda boda zilifurika katika miji yote ya eneo hilo, zikitumia ukingo wa barabara na hata njia za watembea kwa miguu.

HESABU YA MITA

Ili kuelewa kwa nini tofauti ya kilomita 50 na 80 ni tofauti ya uhai na kifo, inatosha kupiga hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husonga takriban mita 14 kila sekunde. Linalokwenda kilomita 80 husonga mita 22. Dereva huhitaji angalau sekunde moja hivi kuona hatari na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari halijapungua mwendo hata kidogo.

Breki zikishashika, umbali wa kusimama hauongezeki sawa na kasi. Huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari la kilomita 80 huhitaji umbali wa breki wa zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la kilomita 50. Tuseme mtoto ametokea mita 28 mbele ya gari, kwenye lami kavu. Dereva wa kilomita 50 mwenye breki nzuri atasimama karibu na miguu yake. Dereva wa kilomita 80 atafika mahali hapo akiwa bado anakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kustahimili pigo la namna hiyo. Utafiti ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) limeutegemea kwa miaka mingi unaonyesha kwamba wengi wa wanaogongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa huokoka, na kwamba uwezekano wa kufa hupanda kwa haraka kasi inapozidi hapo. Shirika hilo linakadiria kwamba kasi ya wastani ikiongezeka kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa karibu asilimia nne. Ndiyo sababu miji mingi duniani imeteremsha kikomo hadi kilomita 30 katika mitaa ambamo watu na magari huchanganyika.

Abiria ana mkanda, kiti na bodi ya gari kati yake na pigo. Mtembea kwa miguu ana shati lake. Kinga pekee aliyo nayo ni kasi ndogo ya yule anayemjia.

Takwimu za Kenya zinathibitisha hayo. Mwaka wa 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za nchi hii, na zaidi ya thuluthi moja walikuwa watembea kwa miguu. Ndio kundi kubwa kuliko yote, na limekuwa hivyo kwa miaka mingi. Lakini vifo vyao havifanani na vya Nithi. Basi likianguka, mawaziri hufika. Mtembea kwa miguu hufa peke yake, jioni, kando ya kituo cha biashara, na habari yake huishia katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi.

MIAKA YA MWISHO

Michuki hakukaa katika Wizara ya Uchukuzi muda wa kutosha kuyaona mapengo hayo yakizibwa. Baada ya kura ya maamuzi ya Novemba 2005, Rais Kibaki alivunja baraza la mawaziri na kumhamishia Michuki katika wizara ya usalama wa ndani. Huko, ukali uliomletea sifa barabarani ulimletea lawama. Machi 2006 polisi walivamia ofisi na mtambo wa kuchapisha wa shirika la habari la Standard, naye akakitetea kitendo hicho hadharani. Mwaka uliofuata, msako dhidi ya kundi la Mungiki uliacha vijana wengi wakiwa wameuawa, na watetezi wa haki za binadamu hawakumsamehe.

Mwanzoni mwa 2008 alishika kwa muda mfupi wizara ya barabara, kisha akapelekwa Mazingira katika serikali ya mseto. Kwa miezi kadhaa, kuanzia Julai 2008, alikaimu pia Wizara ya Fedha. Katika Mazingira aliirudia tabia yake ya kutorudi nyuma, safari hii akipigania kusafishwa kwa Mto Nairobi. Bustani iliyo kando ya mto huo jijini imepewa jina lake.

Huku nyuma, kanuni zake zilianza kulegea. Vidhibiti mwendo vilichezewa au vikafungwa kwa ajili ya ukaguzi tu. Mikanda ilichakaa na kuchafuka hadi abiria wakachukia kuifunga. Hongo ilirejea vizuizini, na idadi ya vifo ikapanda tena. Ilibainika kwamba nguvu ya kanuni hizo ilikuwa katika hofu ya mtu mmoja, na mtu huyo alipohamishwa, hofu ilihama naye.

Mwaka ambao Michuki alifariki ndio mwaka ambao bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), chombo kilichokusudiwa kuifanya kazi hiyo bila kutegemea ukali wa waziri. Hata hivyo, baada ya ajali ya basi iliyoua zaidi ya watu 50 huko Fort Ternan Oktoba 2018, mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia walitangaza kuzirudisha sheria za Michuki. Msako ulianza Novemba 12, 2018. Kwa mara nyingine matatu zilijificha, na kwa mara nyingine Wakenya wakatembea.

KAZI ILIYOSALIA

Ni rahisi kumkumbuka Michuki kama mzee mkali na kuishia hapo. Lakini funzo lake kubwa halikuwa ukali. Kabla yake, taifa liliamini kwamba vifo vya barabarani ni mapenzi ya Mungu au uzembe wa dereva mmoja mmoja. Yeye alionyesha kwamba ni jambo la kupangwa: ukibadilisha gari, kiti, mkanda na kasi, idadi ya majeneza hubadilika.

Kilichobaki ni kuupeleka msimamo huo nje ya gari, katika barabara yenyewe. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa kimo katika sheria, na kwa mitaa ya soko na shule hata hicho ni kikubwa mno. Kinachokosekana mjini Embu, Meru na katika vituo vya biashara vilivyo kati yao ni vitu vya kukilinda kikomo hicho: matuta yaliyopakwa rangi na kuonekana usiku, vivuko vilivyoinuliwa vinavyomlazimisha dereva kupunguza mwendo, njia za miguu zisizogeuzwa vibanda wala maegesho ya boda boda. Askari anaweza kuhongwa, na kidhibiti mwendo kinaweza kuchezewa. Tuta halipokei hongo.

Kazi hiyo ina wenyewe wengi, na hilo ndilo tatizo. Barabara kuu ni ya mamlaka ya barabara za kitaifa, mitaa ya mjini ina wasimamizi wengine, na masoko yako chini ya serikali za kaunti. Kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole huku mtoto akisubiri nafasi ya kuvuka. Waziri wa mwaka wa 2004 hakuwa na subira na hoja za namna hiyo. Aliweka tarehe, akaitangaza, na ilipofika akaisimamia.

Katika siku zile za Februari, kwa sababu ya amri ya Michuki, wafanyakazi na wachuuzi walionja maisha ya mtembea kwa miguu: jua, vumbi, uchovu na magari ya wengine yakipita karibu na bega. Kwa wengi wao yalikuwa ya siku chache. Kwa maelfu ya wakazi wa Meru na Embu hayo ndiyo maisha ya kila siku, na tarehe yao bado haijawekwa.